Kuweka wavu kwenye matundu ya kava la pikipiki

Kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi pikipiki nyingi ni za bodaboda: injini iko wazi, inapozwa na upepo, na kava la mbele ni kipande kidogo cha plastiki kinachoizunguka taa. Lakini katikati yake hupita nyingine zilizovishwa plastiki kutoka kwenye taa mpaka chini ya injini, mfano wa Yamaha R15, Kawasaki Ninja 250 na 300, Honda CBR250R au Bajaj Pulsar RS200. Vijana huzinunua, aghalabu zikiwa zimeshatumika, na hazikai sana kabla mwenyewe hajataka kuyaziba yale matundu makubwa ya kava kwa wavu mweusi wa waya. Pikipiki hupendeza, hilo halina ubishi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo nyumbani, kwa vifaa vya kawaida, bila ya kupasua kava wala kuchemsha injini. Wavu uliowekwa vizuri huiokoa rejeta. Uliowekwa vibaya huinyima injini pumzi, au huchomoka pikipiki ikiwa kwenye mwendo na kuangukia gurudumu la mbele. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nyufa hizi aliyeiunda pikipiki alizipasua makusudi.

Matundu yana kazi gani

Hilo vazi la plastiki mafundi hulita feringi. Mtaani twasema kava, na hapa tutabaki na kava. Kazi yake ni kukata upepo ili pikipiki isisukumwe nyuma na dereva asipigwe kifuani. BMW R100RS ya mwaka 1976 ndiyo inayotajwa kuwa pikipiki ya kwanza ya kiwandani kuuzwa na kava kamili lililopimwa kwenye chumba cha upepo, na tangu hapo viwanda vya Japani, na baadaye vya India, vikaufanya mtindo huo kuwa wa kawaida.

Ukiifunika injini, lazima uipe njia ya kupumua. Ndiyo maana kava lina matundu ya aina tatu, na kila aina ina hukumu yake.

Ya kwanza ni ya kuingizia hewa ya kupoza. Hewa hupita kati ya gurudumu la mbele na kava, ikaipiga rejeta na kupita kwenye mapezi yake. Ya pili ni ya kuingizia hewa ya kuchoma mafuta, ambayo katika baadhi ya pikipiki za mwendo huanzia mbele, karibu na taa, na kwenda hadi kwenye sanduku la filta. Ya tatu ni yale matundu ya ubavuni, makubwa na yenye mapambo, yaliyo nyuma ya rejeta. Wengi hudhani haya ya ubavuni huingiza hewa. Sivyo. Hayo ni ya kutolea joto. Hewa iliyopita kwenye rejeta imekwisha kuwa moto, na isipopata pa kutokea, ile ya mbele haiingii tena kwa nguvu ile ile. Mtu anaweza kuiacha rejeta wazi kabisa, akayaziba matundu ya ubavuni kwa wavu wa macho madogo kwa ajili ya urembo, kisha akashangaa kwa nini feni haizimi.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, chuchumaa mbele ya pikipiki yako, ingiza mkono kwenye kila tundu (injini ikiwa baridi) na ujue linaelekea wapi. Utakuta mengine hayaelekei popote. Ni mapambo ya kiwandani yaliyozibwa kwa ndani, na hayo ndiyo mahali pazuri pa kujifunzia, kwa kuwa ukikosea hakuna kitakachopata joto.

Na wenye bodaboda? Injini ya kupozwa kwa upepo haina rejeta, na mapezi yake ya chuma hayavunjwi na kokoto. Haihitaji wavu wowote mbele yake. Wengine hufunga turubai kwenye gadi ya mbele ili kuzuia matope yasiruke miguuni. Mvua ikikatika na barabara ikikauka, lifungue, maana linazuia upepo ule ule ambao ndio rejeta yako.

Jicho la wavu

Mvuvi haulizi wavu ni mzuri au mbaya, huuliza jicho lake. Juya lenye macho madogo hukusanya kila kitu hata usichokitaka. Jarife lenye macho makubwa huacha vidogo vipite likangoja papa. Wavu wa pikipiki nao ni hivyo hivyo. Swali ni jiwe la ukubwa gani unalotaka kulizuia, na uko tayari kupoteza upepo kiasi gani.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa wavu wa macho ya mraba, chukua upana wa jicho, ugawanye kwa upana wa jicho ukijumlisha na unene wa waya, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Jicho la milimita 5 na waya wa milimita 1 huacha wazi asilimia 69 ya eneo. Jicho la milimita 10 na waya ule ule huacha asilimia 83. Wavu wa mbu wa dirishani, wenye jicho la kama milimita 1.2 na uzi wa milimita 0.3, kwa karatasi huacha asilimia 64, na hapo ndipo watu hudanganyika wakaona tofauti ni ndogo. Upake rangi wavu huo, tuseme rangi ikaongeza sehemu ya kumi ya milimita kila upande wa uzi, jicho linabaki milimita 1 na eneo lililo wazi linashuka hadi asilimia 44. Ule wa jicho la milimita 5, kwa rangi hiyo hiyo, unashuka kutoka 69 hadi 64 tu. Bado hujaongeza vumbi la Kaloleni, mafuta ya barabarani na wadudu wa usiku. Wavu wa mbu mbele ya rejeta ni hapana, hata ukipewa bure.

Kuna pia wanaong'oa vifuniko vya spika kuukuu, vile vya bati lenye vitundu vya duara. Vinapendeza sana na ni vigumu, lakini kitundu cha milimita 2 kilichopangwa kila baada ya milimita 3 huacha wazi kama asilimia 40. Kitumie kwenye tundu la pambo, si kwenye njia ya hewa.

Kwa rejeta, jicho la kati ya milimita 5 na 8 linatosha. Kokoto inayopita hapo haina uzito mkubwa, na ile inayoweza kutoboa bomba la rejeta haipiti. Kwa matundu ya ubavuni, ya kutolea joto, usishuke chini ya milimita 10. Huko hakuna jiwe linaloingia. Wavu ni wa macho ya watu tu, basi uwe wazi iwezekanavyo.

Waya gani, na hii chumvi yetu

Anayefanya kazi hii Nairobi hana shida ya chumvi. Sisi tunayo. Waya wa chuma usiolindwa utaanza kutoa machozi ya kutu kwenye kava katika msimu mmoja, na doa la kutu kwenye plastiki nyeupe halitoki kwa sabuni.

Ule wavu wa mraba wa robo inchi unaouzwa kwa kipimo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni chuma kilichochovywa zinki. Ni mgumu na unapatikana kila mji. Zinki hujitoa mhanga ikaliwa yenyewe kwanza, chuma kikabaki salama, lakini kila unapokata waya unakiacha chuma uchi kwenye ncha. Ncha hizo zote ziguse rangi. Wavu wa kufugia kuku una waya mwembamba na macho makubwa yanayotanuka. Jiwe huusukuma tu ukaenda kulala juu ya rejeta.

Alumini haishiki kutu nyekundu, ni nyepesi, na hupindika kwa mkono. Inauzwa kwa mafundi wa bodi za magari, ambao huitumia nyuma ya lipu ya kuzibia mashimo. Hiyo ya lipu ni laini mno kuzuia jiwe, ila kwa matundu ya ubavuni haina mpinzani. Ile ngumu zaidi, ya macho ya umbo la almasi, ambayo hukatwa na kutanuliwa kutoka kwenye bamba moja, inafaa mbele pia.

Chuma kisichoshika kutu ndicho bora kwa nguvu, lakini kina ubaya wake. Rejeta za pikipiki za kisasa ni za alumini. Chuma hicho kikigusana na alumini, kukawa na unyevu wa chumvi kati yake, alumini ndiyo huliwa. Unga mweupe utaouona kwenye mapezi ndio dalili. Ukikitumia, hakikisha hakiigusi rejeta mahali popote, na kila bolti iwe na washa ya mpira.

Kuvua kava

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, si kwenye wavu. Kava lililopigwa na jua la miaka kadhaa hukauka, na yale masikio yake madogo ya kujibana huvunjika kama biskuti. Usianze asubuhi ya baridi, na usianze pikipiki ikitoka safari ikiwa moto. Weka kivulini, tandika mkeka au boksi lililofunguliwa, piga picha kila upande kwa simu kabla ya kugusa bolti hata moja. Bolti hazilingani urefu. Ndefu ikiingizwa pa fupi hutoboa kava au kugusa rejeta kwa nyuma. Njia rahisi ni kuchora umbo la kava kwenye kipande cha katoni na kuchomeka kila bolti mahali pake kwenye mchoro.

Vipo vipini vya plastiki vyenye kichwa kidogo katikati. Hivyo havivutwi. Vingi husukumwa kile kichwa cha katikati kwa ndani kidogo, kisha kipini chote hutoka. Zikiwapo taa za ishara kwenye kava, tafuta kichomeo cha waya kabla ya kulivuta kava lote, kisha ukibane kidole chake ukichomoe kwa kushika plastiki, si waya.

Kava likishatoka, lioshe kwa sabuni ya vyombo na maji, lipanguse, kisha ligeuze. Kwa ndani utaona herufi zilizogandamizwa kwenye plastiki. ABS ndiyo plastiki ya makava mengi ya nje. PP huonekana zaidi kwenye vipande vya ndani vyeusi visivyong'aa. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa sababu gundi ya epoksi hushika vizuri kwenye ABS iliyopigwa msasa, na haishiki kwenye PP hata uombe. Thina na asetoni huiyeyusha ABS, basi usisafishie kwa hizo. Spiriti inatosha.

Kupima, kukata, kupaka rangi

Weka kipande cha katoni nyuma ya tundu, chora ukingo wake kwa kalamu ukiwa upande wa mbele, halafu ongeza sentimita 1.5 hadi 2 kuzunguka. Hiyo ziada ndiyo itakayoshikilia wavu kwenye kava, na mtu akiibania kwa kuona waya ni ghali ndipo wavu hukosa pa kushika. Kata katoni, ijaribu mahali pake, punguza panapogongana na mbavu za ndani za plastiki. Katoni haina hasara, waya unayo. Ikikaa sawa, ndipo uilaze juu ya wavu.

Angalia mistari ya macho ielekee upande mmoja kwenye tundu la kushoto na la kulia, yaani kama kioo. Macho ya almasi yana urefu na upana tofauti, na ukiligeuza moja pikipiki itaonekana ina kengeza. Hili si la usalama, lakini likishakukera halikuachi.

Kata kwa mkasi wa bati. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, kwa kuwa vipande vya waya huruka. Nyumba zetu watoto hutembea miguu mitupu, basi kazi hii ifanyike juu ya shuka kuukuu ambalo utalikunja na kulikung'uta kwenye pipa. Usitegemee sumaku kuokotea ikiwa wavu wako ni wa alumini, kwa sababu sumaku haiushiki. Ncha kali zote zipigwe tupa au zikunjwe kwa koleo zielekee ndani.

Kava si bapa, lina tumbo. Wavu nao lazima upindwe kabla ya kufungwa, usilazimishwe na bolti, kwa sababu waya uliolazimishwa husukuma kava usiku na mchana mpaka plastiki ipasuke. Uviringishe polepole juu ya chupa au kipande cha paipu hadi ukae wenyewe bila kushikwa.

Rangi ipakwe kabla ya kufunga. Paka nyepesi mara tatu kwa kopo la kupuliza, kila mara ukingoja ikauke, na piga ukiwa pembeni ili rangi ipake ubavu wa waya badala ya kujaza macho. Alumini hukataa rangi ya kawaida. Anza na rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa alumini, la sivyo itabanduka kama gamba la samaki. Tone likiziba jicho, lipulize kwa mdomo kabla halijakauka.

Kufunga

Gundi peke yake haitoshi. Naliweka mbele kwa kuwa nusu ya nyavu zinazochomoka ziliwekwa kwa gundi tu, na ile ya kuyeyushwa kwa bunduki ya umeme ndiyo mbaya kuliko zote. Inashika kwa dakika moja, inaonekana imara, halafu jua la mchana na joto la injini huirudisha kuwa uji.

Njia ninayoiona bora ni bolti ndogo za milimita 4 zenye vichwa bapa, zikipita kwenye ukingo wa ndani wa kava usioonekana kwa mbele. Weka kipande cha mbao nyuma ya plastiki, toboa kwa drili ya mwendo wa polepole, na tundu liwe pana kuliko bolti kwa nusu milimita hivi. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma, na tundu lililobana ndipo ufa huanzia. Toboa angalau sentimita moja kutoka ukingoni. Kwa ndani tia washa pana, ikamate macho kadhaa ya wavu, kisha nati yenye pete ya plastiki ndani, ile isiyofunguka kwa mtetemeko. Kaza mpaka washa isizunguke kwa kidole, halafu acha. Anayekaza kava kama anavyokaza gurudumu atalipasua.

Ikiwa kava halina ukingo wa ndani wa kutoboa, epoksi ya mirija miwili inakubalika kwa ABS, ila ya ile inayokauka polepole. Ya dakika tano huwa dhaifu zaidi kwenye joto. Kwaruza plastiki kwa msasa namba 120 hadi ing'are ikome, futa kwa spiriti, lilaze wavu, kisha bandika gundi juu yake ili ipenye kwenye macho na kushikana na plastiki upande wa pili. Hapo waya unakuwa umezikwa, haukubandikwa. Bana kwa vibanio vya nguo na uache saa 24. Hata hivyo tia kamba mbili za plastiki za kufungia nyaya kwenye pembe za juu, zikamate mbavu za kava. Hizo ndizo zitakazoushika wavu siku gundi itakapoachia. Chagua nyeusi zilizotengenezwa kukaa juani; nyeupe huwa brashi kavu baada ya miezi.

Silikoni nayo wengi huipenda. Ile inayonuka siki wakati wa kukauka hula chuma na alumini, basi usiitie kwenye waya. Isiyonuka siki haina neno, lakini kazi yake ni kuzuia wavu usicheze na kupiga kelele, si kuubeba.

Rejeta yenyewe

Wavu wa rejeta haufungwi kwenye kava. Unafungwa kwenye bolti zinazoishika rejeta au kwenye vishikizo vidogo vya bamba utakavyovipinda mwenyewe, kwa sababu kava hutikisika na rejeta hutikisika kwa namna yake. Uache nafasi ya sentimita moja kati ya waya na mapezi. Jiwe likiupiga wavu, wavu utabonyea; pakiwa hakuna nafasi, waya ndio utakaotoboa rejeta badala ya jiwe, na utakuwa umenunua msumari wako mwenyewe. Zipo kamba za plastiki ambazo watu huzipitisha katikati ya mapezi. Usifanye hivyo. Mapezi ni karatasi ya alumini, na mtetemeko huigeuza kamba kuwa msumeno.

Ukishafunga, fanya vipimo viwili kabla ya kurudisha kava lote. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia, ukiangalia hakuna waya, kebo ya breki wala bomba linaloguswa. Halafu shika breki ya mbele na ubonyeze usukani kwa uzito wako wote, mwenzako akitazama kutoka ubavuni. Ukifunga breki kwa ghafla barabarani, gurudumu hupanda na kurudi nyuma, likaisogelea rejeta kuliko unavyodhani ukiitazama pikipiki imesimama. Wavu ukiwa karibu na madigadi kwa chini ya vidole viwili wakati umebonyeza hivyo, uondoe uupunguze. Hapa hakuna kujaribu bahati.

Tundu la hewa ya kuchoma mafuta lina kanuni yake fupi: wavu wa jicho kubwa, waya mzima usio na ncha zilizolegea, na filta iliyo safi nyuma yake. Na usitie wavu mbele ya taa. Waya hukata mwanga, na vivuli vyake kwenye barabara isiyo na taa, kama ilivyo sehemu kubwa ya njia ya kwenda Lunga Lunga, ni hatari kuliko jiwe.

Kujua kama umeikaba

Kabla ya kuweka wavu, chagua njia moja unayoijua, kwa mfano Nyali mpaka Mtwapa na kurudi, saa ile ile ya mchana. Tazama alama ya joto inafika wapi, na foleni ikikusimamisha, feni inawaka baada ya dakika ngapi na inazima baada ya ngapi. Andika. Baada ya kuweka wavu, rudia njia ile ile katika hali ya hewa inayofanana. Feni ikiwaka mapema kidogo, hilo la kutarajiwa. Ikiwa haizimi hata ukishatoka kwenye foleni na kushika mwendo, wavu wako umeikaba rejeta. Punguza, tia wa jicho kubwa zaidi, au uuondoe.

Jaribio la Julai, kusi ikivuma na hewa ikiwa poa, halikuambii kitu kuhusu Februari na Machi. Ukiweka wavu wakati wa baridi, rudia kipimo kaskazi ikishika.

Injini ikichemka njiani, zima, egesha kivulini, na usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyomo yana shinikizo na moto unaozidi ule wa maji yanayochemka kwenye sufuria, na kifuniko kikilegea hukurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kuweka mkono juu ya rejeta bila kuuondoa. Ukiendelea kuendesha ili tu ufike nyumbani, kichwa cha silinda hupinda na gasketi yake huungua, na gharama yake haina uhusiano wowote na bei ya wavu.

Kuutunza

Wavu hukusanya kile ambacho zamani kilikuwa kinapita. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini karatasi za plastiki bado zinapepea barabarani, na moja tu ikinaswa mbele ya rejeta inaziba nusu ya upepo wako. Jenga mazoea ya kuangalia kila unapotia mafuta. Wadudu waliokauka watoe kwa brashi laini ya sabuni. Usipeleke bomba la mashini ya kuoshea magari karibu na rejeta, kwa kuwa nguvu ya maji yake hulaza mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa hata bila wavu.

Baada ya kupita ufukweni au kukaa siku nzima karibu na bahari, mwagia maji baridi ya bomba kwenye wavu, bolti na nyuma ya kava. Kila mwezi gusa kila bolti kwa spana ujue kama imelegea, na popote utakapoona rangi imebanduka tia tone kwa kijiti. Kamba za plastiki zibadilishe kila mwaka hata kama zinaonekana nzima. Na unapoiuza pikipiki, mwambie mnunuzi wavu uliuweka wewe na bolti zake ziko wapi, maana fundi wake atakapolivua kava bila kujua atalivuta mpaka livunjike.